Mpango wa Kukutana kwa Bahati

Jumapili, 8 Mei 2022. Gitega.

Nimeanza leo. Nimejiandikisha kwenye mashindano ya poka ya mtandaoni, yale ya bure, ambayo mshindi hapati kitu ila jina lake kuwaka rangi ya dhahabu kwenye kioo cha simu. Sitaki dhahabu. Namtaka Venansi.

Maelezo, endapo daftari hili litaokotwa nikishakuwa mtu mkubwa. Venansi ni jirani yetu na mwenzangu wa dawati moja huko Kibondo, Tanzania, nilikozaliwa na kusoma mpaka wazazi wangu walipoamua mwezi wa kwanza kwamba sasa amani ipo, turudi nyumbani. Wao wako Muyinga wanalima. Mimi nimewekwa hapa Gitega kwa Shangazi Gaudensia ili nisome. Tangu Januari nimemwandikia Venansi ujumbe mara kumi na moja. Amejibu mara nne. Majibu yote manne yalikuwa neno moja: "Poa."

Sitaandika ujumbe wa kumi na mbili. Anayeandika mara kumi na mbili ni ombaomba. Lakini anayekutana na mwenzake kwa bahati si ombaomba. Huyo ni mshangao!

Venansi ameweka picha ya meza ya karata na maneno: "Kila Jumapili saa kumi. Njooni niwanyoe." Jina lake la mchezoni ni Kinyozi. Langu nimechagua Mpita Njia, ili ionekane nilikuwa napita tu.

Utaratibu ni huu. Mashindano mapya huanza kila saa kamili. Watu mia tatu hivi, meza za watu tisa tisa, na kompyuta ndiyo inayogawa viti. Kila mtu ana vidude vya duara vya kuwekea dau, jetoni. Zikikuishia, unatoka. Meza zinapungua, waliobaki wanaunganishwa, mpaka inabaki meza moja. Hesabu ni rahisi: nikifika meza ya mwisho, na yeye akafika, lazima tukae pamoja. Lazima!

Matokeo ya leo: nafasi ya 309 kati ya watu 312.

Si kosa langu. Vitufe vimeandikwa Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha miezi minne. Nilitumia kamusi. Coucher: kulala. Tapis: zulia, mkeka. Sasa, Kibondo hata mtoto anajua mkeka ni ile karatasi yenye orodha ya madau yako. Nikabonyeza Tapis ili niusome mkeka wangu. Kumbe kwao Tapis ni kusukuma jetoni zote katikati ya meza kwa mkupuo mmoja! Dakika ya pili nilikuwa nje. Mkeka ulichanika kabla sijausoma.

Jumatano, 11 Mei. Gitega.

Shuleni wamecheka tena Kirundi changu. Niliombwa kusema "tumemaliza" nikasema kitu ambacho inaonekana ni cha mbuzi. Nimekula andazi langu maktabani. Vitabu vya maktaba ni thelathini na nane, na hakuna hata kimoja kinachozungumzia poka. Kimoja kinazungumzia vita vya zamani. Nimekiazima, mkakati ni mkakati.

Jioni nilisimama nje ya duka la Mzee Bahadurali, anayeuza vitambaa na masufuria karibu na soko, kwa sababu intaneti yake inapenya ukutani. Nambari ya siri nilipewa na binti yake Inara, tunasoma darasa moja. Sikuomba. Alinikuta nimeinua simu juu kama anayetafuta mwezi, akaitaja tu.

Leo alitoka tena akaniuliza kwa nini nasimama nje kama mlinzi, na ndani kuna viti. Nilijibu kwamba napenda hewa. Ilikuwa inanyesha.

Mkakati umekamilika. Niliutoa kwenye kile kitabu cha vita, ukurasa wa sitini: jeshi lisilopigana haliwezi kushindwa. Kwa hiyo nitabonyeza Coucher, kitufe cha kutupa karata bila kuweka dau. Kila mkono wa karata, kila mara. Nitalala na karata zangu huku wengine wakimalizana.

Jumapili, 15 Mei. Gitega.

Nafasi ya 41 kati ya 327! Kwa kulala tu!

Nililala mara mia na kitu. Nililala na karata mbaya, nikalala na karata nzuri. Wakati fulani nilipewa wafalme wawili, mkono ambao watu huusubiri siku nzima, nikaulaza kama mtoto. Msimamo ni msimamo. Kilichoniangusha ni dau la lazima, ambalo kila mtu hulitoa kwa zamu hata kama hachezi, nalo linapanda kila baada ya dakika chache. Jetoni zangu zililiwa kidogo kidogo kama sabuni. Mkakati haukushindwa. Uliisha.

Nilichezea uani kwa Shangazi, ambako intaneti ya jirani inafika ukikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shangazi alinisikia nikinong'ona "coucher, coucher, coucher" akadhani nahifadhi Kifaransa. Amewaambia wanawake wa kanisani kwamba mtoto wa kaka yake anasoma mpaka Jumapili. Wameahidi kuniombea.

Jambo la ajabu: nilipekua orodha yote ya wachezaji 327. Kinyozi hayumo! Na jioni Venansi akaweka picha: "Leo wa sita. Saa kumi zangu hazinitupi." Saa kumi hiyohiyo! Jumapili hiyohiyo! Inawezekanaje?

Jumamosi, 21 Mei. Gitega.

Nimefikiri wiki nzima. Nimepata nadharia.

Kompyuta inagawa watu kwa umbali. Haiwezekani mtu wa Gitega akachanganywa na mtu wa Kibondo, waya zingechoka. Wanawaweka walio karibu kwenye mashindano yao, na walio mbali kwenye yao. Kwa hiyo tatizo langu halikuwa poka. Ni Gitega.

Nilimweleza Inara nadharia hii kwa sababu alikuwa amesimama pale. Aliniuliza kwa nini nisimpigie tu huyo rafiki. Nilimwambia hajui mambo ya mkakati. Alisema Jumamosi mchana biashara inapoa, yeye na kaka yake Shahzad na baba yao hucheza karata juu ya kreti nyuma ya kaunta, wawili kwa wawili, ila wako watatu.

"We, ingia," alisema. "Tunakosa mutu wa ine."

Shahzad akapaza sauti kutoka ndani kwamba amwache Mutanzania, ataanza kuongea kama redio na wao hawana betri. Mzee Bahadurali alimkemea, akanivutia kiti kwa mguu.

Nilishukuru. Nilisema sina nafasi ya kucheza karata, najifunza kucheza karata. Nikaenda kukaa kwenye ndoo.

Jumapili, 22 Mei. Gitega.

Nafasi ya 19! Nimeboresha mkakati: nalala kila mkono isipokuwa ninapopewa jozi. Nilipewa jozi mara tatu na zote zilishinda. Hiyo ni akili. Mara ya nne jozi yangu ilipigwa na mtu mwenye karata mbovu. Hiyo ni bahati, yake. Nimechora jedwali lenye safu mbili, Akili na Bahati. Mpaka sasa ushindi wangu wote uko kwenye Akili na vipigo vyote viko kwenye Bahati. Jedwali halidanganyi.

Kinyozi hayumo kwenye orodha. Nilisoma majina yote mara mbili. Jioni akaweka picha: "Wa tatu."

Alhamisi ni sikukuu ya Kupaa, na Ijumaa walimu wana mkutano. Nitaenda Muyinga. Kilima chetu kiko barabara ya Kobero, na kutoka kule hadi Tanzania ni mwendo wa baiskeli. Kompyuta haitakuwa na la kusema.

Shangazi alifurahi sana. Alisema ni vizuri mtoto kumkumbuka mama yake. Halafu nikapata aibu ndogo, nikaenda kumchotea maji bila kuambiwa.

Alhamisi, 26 Mei. Muyinga.

Gari la abiria kupitia Karusi. Nilibanwa kati ya mzee na gunia, na gunia lilikuwa na mazungumzo zaidi.

Mama alinipokea barabarani. Alikuwa amepika maharage na ndizi, na alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Aliniuliza kama nina marafiki Gitega. Nilimwambia ninao wengi. Aliuliza majina. Nikamtajia Inara na Shahzad na Bahadurali. Aliridhika, hakujua kwamba nimewamaliza wote.

Baba aliuliza kuhusu alama zangu za Kifaransa. Nilisema msamiati wa kulala naujua vizuri.

Jumamosi, 28 Mei. Muyinga.

Siku mbili za palizi. Mikono imetoka malengelenge, na kidole gumba cha kulia ndicho cha kubonyezea. Nimekifunga kitambaa.

Balaa: laini yangu haishiki kabisa hapa kilimani! Mama ana kadi yake ya zamani ya Tanzania, wengi huku wanazo, na hiyo inashika vizuri ukikaa kwenye jiwe lililo nyuma ya zizi. Aliitoa kwenye simu yake ya vitufe akanipa bila kuuliza. Nilipoiweka, saa ya simu yangu iliruka mbele saa nzima. Nikasema simu imeharibika.

Mama akaiangalia. "Haijaharibika. Hiyo ni saa ya kule, mwanangu. Kule wako mbele yetu."

Sikuwa na nafasi ya jiografia. Nilikuwa naandika sentensi.

Kwa sababu nikikutana na Kinyozi lazima niseme kitu, na kiwe kitu cha mtu aliyeshangaa. Nimeandika rasimu kumi na nne. Rasimu ya kwanza ilikuwa "Venansi, ni mimi Kasiano, mbona hujibu?" Nimeifuta mpaka karatasi ikatoboka. Iliyofaulu ni hii: "Haa! Dunia ndogo!" Fupi. Nyepesi. Ya mtu mwenye shughuli zake.

Nilimsomea Mama. Alisema ni nzuri. Aliuliza: "Na baada ya hapo?"

Mpango haukuwa na baada ya hapo.

Jumapili, 29 Mei. Muyinga.

Naandika hapahapa kwenye jiwe.

Baada ya misa nilikimbilia jiwe. Simu ilionyesha saa kumi kasoro tano. Mama alipita na majani ya mbuzi akasema nimewahi, hapa ni saa tisa tu. Nilimpungia mkono. Nikajiandikisha, nikafungua orodha, nikasoma. Herufi K.

Kinyozi. Yumo!

Nadharia ya umbali imethibitishwa. Nimeandika hivyo kwenye jedwali, safu ya Akili, kwa kalamu nyekundu.

Nililala vizuri kuliko siku zote. Watu mia tatu, mia mbili, hamsini. Kila meza ikivunjwa nilimtafuta. Mara tukabaki kumi na wanane, meza mbili, mimi hii na yeye ile. Mama alimaliza kazi akaja kukaa chini karibu na jiwe. Alikuwa anachambua maharage na kuniangalia usoni, maana kioo hakielewi.

Halafu kioo kikawa cheusi, kikaandika kwa Kifaransa neno ambalo hata mimi nililielewa. Meza ya mwisho. Viti tisa. Kiti cha nne, Mpita Njia. Kiti cha tano, kando yangu kabisa, bega kwa bega kama dawati letu la Kibondo, Kinyozi!

Nilimwambia Mama, "Ni huyu." Mama akasogea akakitazama kile kiduara chenye jina kana kwamba kina uso. Akasema amekonda. Nadhani alikuwa anatania.

Sasa, kila mchezaji ana sekunde kumi na tano za kuamua. Nilikuwa na karata saba na mbili, za maua tofauti, mkono mbovu kuliko yote katika mchezo huu. Hakuna tatizo, nitalala. Lakini kwanza sentensi. Nikafungua mahali pa kuandikia. Herufi zikapanda zikafunika nusu ya kioo na vitufe vyote. Nikaandika "Haa". Sekunde tisa. Nikaandika "Dunia". Kidole kilichofungwa kitambaa kinaandika kama kwato. Sekunde tatu. Nikamalizia, nikatuma, nikataka kufunga herufi ili nilale, zikashuka ghafla, na pale palipokuwa na herufi palikuwa na Tapis, na kidole kilikuwa kimeshafika.

Jetoni zangu zote. Kwa saba na mbili.

Wengine saba walilala. Lakini kabla yao ilikuwa zamu yake. Kinyozi alifikiri sekunde moja, akaweka zote. Karata zikafunuliwa: wafalme wawili. Nilijiambia ni sawa, natoka mimi, lakini angalau amebaki na atasoma sentensi yangu.

Zikaja karata za mezani. Tisa. Saba. Tatu. Malkia. Na ya mwisho, mbili!

Jozi mbili. Zangu, dhidi ya jozi yake moja. Jetoni zake, pungufu kidogo ya zangu, zote zikateleza kuja upande wangu na kiti cha tano kikawa tupu, na ndipo, baada ya yote hayo, ujumbe wangu, uliokuwa umekwama njiani, ukapanda juu ya meza kwa herufi nyeupe:

"Haa! Dunia ndogo!"

Kinyozi alikuwa bado hajafunga dirisha. Aliandika, "Mshenzi mkubwa wewe." Akaondoka.

Watu wengine mezani waliniwekea picha za vicheko. Sikucheza tena. Kompyuta ilinilaza yenyewe mpaka nikawa wa nne. Nafasi ya nne kati ya watu 341, matokeo bora ya maisha yangu, na Mama akiuliza kama tumeshasalimiana.

Nikamwambia tumesalimiana.

Jumanne, 31 Mei. Gitega.

Nilimrudishia Mama kadi yake na simu ikapona yenyewe, saa imekaa sawa. Safari ya kurudi sikumbuki. Jana shuleni sikusema neno, lakini hakuna aliyegundua tofauti.

Leo, nikiwa nje ya ukuta wa Mzee Bahadurali, simu ikalia. Venansi!

Si "Poa." Mistari kumi na tisa! Nimeihesabu. Anasema Jumapili alikuwa anaelekea kuwa wa kwanza kwa mara ya kwanza, ana wafalme wawili mkononi, na likatokea jitu moja linaitwa Mpita Njia likasukuma zote na saba na mbili, saba na mbili Kasiano! Likashinda, na halafu likamcheka mbele za watu. Amekosa usingizi. Marafiki zake wa Kibondo hawaelewi, hawajui karata. Akakumbuka jinsi tulivyokuwa tunacheza mimi na yeye nyuma ya darasa kwa vifuniko vya soda. Anauliza nikoje. Anauliza kama Gitega kuna baridi. Mwishoni ameandika: "Ungekuwepo ungecheka mpaka uanguke."

Nilisoma mara sita. Vidole viliandika vyenyewe: "Venansi, ni mimi".

Nikayafuta. Mtu anafikiri kwanza! Nikimwambia, atacheka siku moja, atasema "Poa", na itakuwa imeisha. Lakini akiendelea kumchukia Mpita Njia, atahitaji mtu wa kumweleza. Kwa hiyo nilimjibu kwamba nimekasirika kuliko yeye. Kwamba watu kama Mpita Njia ndio wanaoharibu dunia. Kwamba nami najua karata kidogo, na tutamwinda pamoja, kila wiki. Alijibu papo hapo, mistari mitano! Tumekubaliana Jumapili hii, saa kumi kamili, kwake na kwangu. Nitatumia jina jipya, Mwindaji, na umbali hautatuweza, kwa kuwa safari hii tumeahidiana.

Tatizo moja tu. Mwindaji na Mpita Njia wanapaswa kucheza kwa wakati mmoja, la sivyo hakuna windo. Nahitaji simu ya pili.

Nikaingia dukani. Mara yangu ya kwanza kupita mlango ule. Mzee Bahadurali alisema karibu kijana, akasukuma kile kiti. Sikukaa, nilikuwa na haraka. Nilimwomba Inara simu yake kwa Jumapili. Aliuliza ya nini. Nilimwambia ni ya adui yangu.

Aliweka chini kitambaa alichokuwa anapima.

"We Kasiano, uko na adui? Mi sikujua hata unamujua mutu."

Nilimjibu kwa heshima kwamba adui ninaye, na rafiki ninaye, na Jumapili wote wawili wananitegemea. Alifikiri, akasema simu atanipa. Akauliza kama basi Jumamosi nitakuja kukaa nao, bado wako watatu.

Nilimwambia asinihesabu. Nina watu wengi sasa.